Vidole Viwili vya Kadii

Kadii alipomwambia Laban kwamba Jumatano anakwenda uwanjani Gongoni kujiandikisha jeshini, Laban alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alidhani ni mzaha tu, maana Kadii alikuwa na mizaha mingi, na mingine huitoa na uso mkavu kama hakimu.

Walikuwa wameketi ukingoni mwa korongo la Marafa, saa kumi jioni, watalii wa mwisho wakiwa wameshaondoka. Chini yao kuta za mchanga zilisimama, nyekundu kwa nyeupe, zikipokea jua. Hapo ndipo Kadii alipofanyia kazi. Kwa miaka minne alikuwa akiwatembeza wageni humo ndani, akishuka na kupanda mara tano au sita kwa siku, wao wakihema na kuomba maji, yeye akiwaeleza habari za mahali pale kana kwamba ameketi kwenye kiti.

"Mbona unacheka?" aliuliza.

"Si unachekesha?"

"Sichekeshi, Laban. Barua ya chifu ninayo. Vyeti vyangu vyote nimevitoa nakala. Kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwenye foleni."

Laban akaacha kucheka. Macho yake, bila yeye kutaka, yakateremka hadi kwenye mkono wa kushoto wa Kadii uliokuwa umetulia juu ya goti.

Mkono ule ulikuwa na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Vile vitatu vingine vilikwenda na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, Kadii akiwa na miaka kumi na mmoja. Na ajabu ni kwamba mkono huo huo ndio uliomnasa Laban. Mwaka uliopita alikuwa amepeleka chumvi bara, lori likamwishia nguvu njiani karibu na Marafa. Nati moja ilikuwa imelegea nyuma ya injini, mahali ambapo mkono wake mkubwa wa fundi haukupita. Akahangaika nusu saa. Msichana aliyekuwa amesimama kando akitazama akasema, "Hebu nipishe." Akavipenyeza vidole vyake viwili, akaikaza ile nati, akautoa mkono umejaa grisi, kisha akamtazama Laban machoni, moja kwa moja, bila haya na bila kujishaua. Laban alifika Gongoni na lori zima, lakini yeye mwenyewe hakufika mzima.

Sasa alimtazama msichana yule yule.

"Na mimi je?" aliuliza. "Nimeshamwambia mama kwamba mwezi wa kumi na mbili tunakuja kwenu kukuposa."

"Akasemaje?"

Laban akageuza uso.

"Sema tu. Alisema msichana wa vidole viwili atambebaje mtoto."

"Nani kakwambia hayo?"

"Mwenyewe. Siku ile nilipowaletea mananasi. Aliniuliza kwa heshima kabisa, nami nikamjibu kwa heshima kwamba wadogo zangu watatu nimewabeba kwa mkono huu huu na hakuna aliyeanguka."

"Basi kama unajua hilo, utamtuliza vipi mama kwa kuvaa magwanda? Wewe unajua habari za Japheth."

Kadii alizijua. Japheth alikuwa kaka yake mkubwa Laban. Aliingia jeshini akiwa na miaka ishirini, na miaka mitatu iliyopita alirudishwa kwa mama yao, Ndinda, ndani ya sanduku lililofunikwa bendera.

"Mama akiyaona magwanda anaona sanda," Laban aliendelea. "Na mimi pia. Unataka nikae Gongoni nikisubiri simu kama ile tena?"

Sauti ya Kadii ikalainika. "Najua unaogopa. Lakini mimi hili sikulianza jana. Siku nilipokatwa vidole, mto ulikuwa umefurika, magari hayavuki. Waliokuwa upande wetu ni askari, walikuja kugawa chakula cha mafuriko. Mmoja wao alikuwa mwanamke. Alinibeba mgongoni kunivusha kwenda hospitali, maji yakamfika kifuani, akaniambia nimhesabie hatua zake kwa sauti. Nilihesabu mpaka mia nne na kumi, Laban, na sikulia. Tangu siku hiyo nikiulizwa nataka kuwa nani, najua. Watu wakinicheka, nanyamaza. Lakini najua."

Hapo ndipo Laban alipopaswa kunyamaza naye. Lakini hofu ilikuwa imempanda kichwani, na neno likamtoka.

"Kadii, tuwe wakweli. Nani atakuchukua na mkono huo?"

Upepo ukapita kati yao. Kadii hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama tu, na Laban akaona kitu kinazimika katika macho yale aliyoyazoea.

"Neno hilo nimelisikia kwa watu wengi," alisema polepole. "Kwako nilikuwa sijalisikia bado."

Akasimama, akajipangusa mchanga.

"Kadii, sikukusudia."

"Ulikusudia. Jumatano usije."

Akaondoka kwa ule mwendo wake mrefu, na Laban akabaki ameketi, aibu ikimchoma.

* * *

Jumatano alfajiri, Ndinda alikuwa jikoni anaepua mahamri alipomwona mwanawe akivaa viatu.

"Leo si zamu yako kule kwenye chumvi?"

"Nimeomba ruhusa, mama. Naenda uwanjani."

"Uwanjani kuna nini?"

"Kadii anajiandikisha jeshini."

Kijiko cha matundu kikasimama hewani. Ndinda alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, aliyehama Mwingi akiwa msichana na kukaa pwani hadi mvi zikaota.

"Asi!" alisema hatimaye. "Watamrudisha. Wale wanataka mwili mzima. Japheth walimkagua hata meno, kama wanaonunua punda."

"Najua, mama."

"Basi mbona uso umekuanguka hivyo? Si ndilo unalolitaka, arudishwe?"

Laban akainamia kamba za viatu. Mama yake alikuwa amesema kweli. Siku mbili hizo alikuwa akisali Kadii arudishwe. Tena arudishwe mapema, asubuhi, kabla jua halijakolea, ili yeye awe karibu kumfuta machozi na kumpeleka nyumbani. Alijua sala hiyo si nzuri. Aliisali hata hivyo.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Vijana kwa mamia walikuwa wameketi chini kwa mistari, wavulana upande wa magharibi, wasichana upande wa barabara, kila mmoja ameandikwa namba mkononi kwa kalamu nene. Ndugu na marafiki walizuiwa nje ya ua wa waya. Laban akasukumana mpaka akafika mbele, karibu na hema la daktari.

Alimwona mara moja. Fulana nyeupe, kaptula ya buluu, nywele amezifunga nyuma kwa kitambaa. Mkono hakuuficha. Wasichana wengine walikuwa wamekumbatia magoti kwa baridi ya asubuhi, yeye ameketi wima, vidole vyake viwili wazi kwa kila anayetaka kuona.

Sajini aliyekuwa akipita kwenye mistari aliona. Akasimama.

"Wewe. Namba sitini na moja. Mkono huo vipi?"

"Ulikatwa na mashine, afande."

"Na umekuja hapa ukijua?"

"Najua nitakaguliwa na daktari, afande. Kwa daktari bado sijafika. Sasa hivi tunakimbia."

Wasichana waliokuwa karibu wakafunika midomo. Sajini akamtazama kitambo, akajikuna shavu.

"Haya. Kimbia. Ukichoka, njia ya nyumbani unaijua."

Wakakimbia. Walitoka uwanjani hadi barabara kuu, wakaifuata kuelekea mashamba ya chumvi, kisha wakageuka kurudi. Laban alibaki ameushika waya wa ua, akihesabu dakika kwa moyo wake. Walipotokea tena kwenye kona, jua likiwa limeshapanda, kundi lilikuwa limevunjika vipande vipande. Wa kwanza alikuwa msichana mmoja mrefu, mwembamba kama mwanzi. Wa pili sekunde chache nyuma yake. Wa tatu alikuwa Kadii, kifua mbele, mdomo umefungwa, akikimbia kana kwamba hakuna mtu duniani anayemtazama.

Wasichana thelathini na kitu walibaki baada ya mbio. Waliobaki wakaenda kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, meja, miwani imeteremka puani, sauti ya mtu asiyerudia neno. Zamu ya Kadii ilipofika aliushika ule mkono wa kushoto, akaugeuza juu, akaugeuza chini, kama anayesoma barua pande zote mbili.

"Nani alikuruhusu kufika mezani kwangu?"

"Nilikuwa wa tatu kwenye mbio, afande."

"Hilo nimeliona. Nakuuliza habari za mkono."

Nyuma ya Laban, mwanamume mmoja aliyekuwa akila muhogo wa kuchoma akapaza sauti. "Mkono huo utashika bunduki au kijiko?" Watu wakaangua kicheko. "Mrudisheni kwao, nani atamchukua huyo!"

Laban akahisi kama amepigwa kofi. Lilikuwa neno lake, lile lile, sasa linatoka kinywani mwa mtu asiyemjua, na kwa mara ya kwanza alilisikia linavyosikika.

"Nyamaza," alisema.

Yule mtu akamgeukia. "Kwani huyo ni nani wako?"

Laban akafungua mdomo. Juzi angejibu bila kufikiri. Leo hakujua kama bado ana haki ya kulitamka jibu.

Kule hemani, meja alikuwa ameshachukua kalamu. "Binti, una pafu zuri na miguu mizuri. Lakini kazi hii ni ya mwili wote. Nasikitika."

"Afande, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kinachotakiwa ni vidole au ni kazi ya vidole?"

Kalamu ikasita. Kadii hakungoja.

"Nikishindwa kazi, nirudishe. Nitakushukuru na nitakwenda nyumbani, hutanisikia tena. Lakini usinirudishe kabla hujaniona nikifanya. Wote walionirudisha maishani walinirudisha kabla hawajaona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji. Meja akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati, akaivaa tena. Akamwita yule sajini.

"Mletee buti. Zile za kamba ndefu."

Kadii akapiga goti moja, akafunga buti mbili. Mkono wa kulia uliongoza kamba, vidole viwili vya kushoto vikaishika, vikaipitisha, vikaibana, haraka hata macho ya Laban yakashindwa kufuata. Meja akaangalia saa.

"Mtungi."

Ukaletwa mtungi wa maji wa lita ishirini, umejaa. "Mkono wa kushoto. Mpaka golini na kurudi."

Kadii akainama, akautia mpini kwenye vidole vyake, akainua. Alitembea. Bega lilishuka kidogo, shingo ikakaza mishipa, lakini hatua hazikuyumba, na maji hayakumwagika. Nje ya ua kicheko kilikuwa kimepungua.

"Sasa," meja alisema akimfuata golini, "ning'inia." Akawaita wasichana wawili kati ya waliokwisha kufaulu, mmoja akiwa yule mrefu aliyeshinda mbio. "Nanyi pia. Atakayeachia asirudie."

Mwamba wa goli ulikuwa bomba la chuma, rangi imebanduka. Wasichana watatu wakaruka, wakaushika. Mkono wa kulia wa Kadii ulishika kama wao. Wa kushoto ulijikunja juu ya chuma kama ndoana, gumba chini, cha shahada juu, na Laban aliona uzito wote wa upande ule unavyokaa kwenye vidole viwili. Akakumbuka zile kuta za Marafa, na Kadii akijivuta juu mahali ambapo wageni walikuwa wakitafuta ngazi. Miaka minne yote ile alikuwa akijiandaa mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyeona. Hata yeye.

Dakika moja ikapita. Msichana wa kwanza akaanza kutetemeka, akaachia, akaanguka kwenye vumbi.

Watu wa nje wakaanza kuhesabu. Hakuna aliyewaambia. Alianza mmoja, akafuatwa na mwingine, na sauti iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya yule mwanamume wa muhogo. "Thelathini na nane! Thelathini na tisa!"

Yule mshindi wa mbio akauma meno, akanguruma, akaachia.

Kadii akabaki peke yake. Macho alikuwa ameyafumba. Kitambaa kilikuwa kimeteleza kichwani. Uzi mwembamba wa damu ulishuka kutoka kwenye kiganja cha kushoto, ukafuata kifundo cha mkono, ukaingia kwenye kwapa la fulana nyeupe. Laban hakuhesabu; midomo yake ilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa akisali. Ikamchukua muda kugundua kwamba sala aliyokuwa ameikariri siku mbili ilikuwa imegeuka mdomoni mwake, na sasa alikuwa akimwomba Mungu kwa nguvu zake zote ashike, ashike, asiachie.

"Shuka," meja alisema.

Kadii hakushuka.

"Shuka, binti. Nimeshaona!"

Akaachia. Alianguka kwa magoti, akasimama, akakaza mwili wima, mikono ubavuni. Nje ya ua palilipuka vifijo na vigelegele, wanawake wakapunga leso. Laban alishika waya kwa mikono yote miwili.

Meja aliungoja utulivu. Kisha, waliporudi hemani, akasema kwa sauti ya chini kidogo, lakini Laban aliyasikia yote.

"Nitakupa barua ya wito. Sikudanganyi lakini. Huko chuoni kuna jopo la madaktari, na neno la mwisho ni lao. Wanaweza kukurudisha siku ile ile ya kwanza, mbele ya wenzako, na safari yote ile ikawa bure. Bado unaitaka?"

"Naitaka, afande."

"Nitaandika nilichokiona. Na nitakiandika kwa mkono wangu." Akamtazama tena, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Nimekagua watu miaka kumi na minane. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali ulilouliza."

* * *

Laban alimkuta kwenye bomba la shule, mchana, anaosha kiganja. Barua ilikuwa ndani ya fulana, pembe yake imechungulia shingoni.

"Nilikwambia usije," Kadii alisema bila kugeuka.

"Nilikuja."

"Kunitazama nikirudishwa."

Uongo mtamu ulikuwa tayari ulimini. Laban akaumeza.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuja nikiomba urudishwe. Siku mbili nzima niliomba hivyo. Nilitaka ulie, ili mimi ndiye nikubembeleze."

Kadii akageuka. Hakuwa ametazamia jibu hilo. Maji yaliendelea kumwagika kati yao mpaka Laban akanyoosha mkono akafunga bomba.

"Nimeona haya leo," aliendelea. "Mimi ninayejiita nakupenda, nilikuwa sijakujua. Mtu mmoja alilisema lile neno langu pale uani, nikataka kumpiga. Kisha nikajua wa kupigwa ni nani."

"Neno lile haliondoki kwa maji, Laban."

"Najua. Sikuombi ulisahau. Nakuomba unipe nafasi nikuletee maneno mengine, mengi, mpaka lile lipate wenzake na libanwe pembeni huko."

Kidogo, kidogo sana, pembe ya mdomo wa Kadii ikatikisika. Akaitazama ile mikono yake mikubwa ya fundi, akamtazama usoni, na macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hayakuwa yamezimika tena.

"Nikikubaliwa huko wanatufungia miezi mingi. Bila simu, bila kuonana. Utaweza?"

"Nita..."

"Usinijibu haraka. Kaa nalo. Kuna siku utasikia habari ya askari fulani, na moyo utakuruka. Siku hiyo ndiyo unijibu."

Laban akatikisa kichwa kukubali. Akatoa kitambaa mfukoni, akakipasua vipande viwili kwa meno. Kadii akamwachia mkono. Laban akaufunga kwa uangalifu, akizungusha kitambaa kwenye kiganja kilichochubuka, na alipomaliza hakuuachia, wala Kadii hakuuvuta.

"Na mama yako?" Kadii aliuliza.

"Nitamwambia."

"Hapana. Nitamwambia mwenyewe. Sitaki kuondoka pwani hii kama mtu aliyeiba."

* * *

Kadii alikuja Jumapili kabla ya safari, baada ya watu kutoka kanisani. Alivaa gauni la kitenge na viatu vya kufunga. Ndinda alikuwa sebuleni anachambua kunde, chini ya picha ya Japheth aliyevaa kofia ya jeshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Kadii akaketi. Laban akasimama mlangoni, hajui aingie au atoke.

"Umekuja kuniaga au kuniomba ruhusa?" Ndinda aliuliza, macho kwenye kunde.

"Kukuaga, mama. Ruhusa amenipa baba yangu, mzee Sanga. Lakini nilitaka usikie kwangu, usisikie kwa majirani."

"Majirani nimeshawasikia. Gongoni yote inasema habari za goli." Akatupa ganda. "Wanasema ulining'inia mpaka daktari akakubembeleza ushuke."

"Hakunibembeleza, mama. Aliniamuru. Sikusikia tu."

Ndinda akatoa sauti puani, na kama Laban asingemjua mama yake, asingejua kwamba hicho kilikuwa kicheko. Kisha uso wake ukabadilika. Akaweka ungo chini.

"Nitakwambia jambo ambalo hata huyu hajui," alisema akimwonyesha Laban kwa kidevu. "Japheth alipokuwa anaondoka mara ya mwisho, tulikuwa tumegombana. Nilimwambia aache kazi ile, akakataa. Asubuhi akaja pale jikoni kuniaga. Nikampa mgongo. Nikajifanya nakoroga uji. Alisimama akasema, 'Mama, nitazame basi.' Sikumtazama. Nilisikia begi likiinuliwa, nikasikia mlango." Akageuka akaitazama ile picha. "Nilipogeuka tena, alikuwa ndani ya sanduku."

Laban alihisi machozi yakimtoka, akayaacha.

"Mimi sikutaki uende," Ndinda alisema. "Nisikilize vizuri, mwanangu. Ningekuwa na uwezo ningekufunga na kamba kwenye kitanda changu. Lakini mgongo wangu siutoi mara ya pili. Njoo hapa."

Kadii akainuka, akapiga magoti mbele yake. Ndinda akamshika uso kwa mikono miwili yenye vumbi la kunde, akamtazama. Alimtazama paji la uso, akamtazama macho, akamtazama pua na mdomo, bila haraka, kama mtu anayejifunza njia atakayoipita peke yake siku nyingine. Kisha akaushika ule mkono wa kushoto, wenye kidonda kilichoanza kukauka, akautazama nao.

"Haya," alisema. "Nimekuona. Nenda."

* * *

Siku ya tatu baada ya Kadii kuripoti chuoni Eldoret, Laban alikuwa nyumbani, ameketi na sahani ya chakula cha mchana ambacho hakikupita. Simu ikalia. Namba ngeni.

"Laban? Nina dakika moja tu, simu ya afande hii." Sauti ya Kadii ilikuwa mbali, inahema.

"Kadii! Jopo limesemaje?"

"Walikuwa watano mezani. Wakasoma barua ya meja, wakaisoma tena. Wakaniambia nifunge buti, nibebe, nining'inie. Nikaning'inia, Laban, na kidonda hakijapona!"

"Kisha?"

Laban akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kadii? Kisha?"

"Wameninyoa!" Kadii alipaza sauti, na Laban hakujua kama analia au anacheka. "Nywele zote! Kichwa kinapigwa na baridi!" Kisha kwa sauti ya chini, ya haraka, "Lile jibu langu ulishalipata?"

"Jana redioni walisema habari za askari walioumia. Moyo uliniruka mpaka nikakaa chini."

"Na?"

"Nipo. Ninakungoja, na naogopa, na nipo."

Akasikia Kadii akivuta pumzi. Akasikia sauti nyingine, ya ukali, ikiita namba. "Naitwa," Kadii alisema. Simu ikakatika.

Ndinda alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

"Amesemaje?"

"Amenyolewa, mama."

Ndinda alikuwa mama wa askari, hakuhitaji kufafanuliwa. Hawamnyoi mtu wanayemrudisha. Akaketi polepole kwenye kigoda, akauweka mwiko mapajani, akakitazama kwa muda mrefu kiti kilichoanguka. Laban akangoja, hajui atakachokisikia.

"Okota kiti hicho ukae, ule," mama yake alisema hatimaye. Akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Na uniambie, huko kwao Marafa, huyo mzee Sanga hupatikana siku gani?"